Theodor Bilharz, daktari aliyekuta minyoo katika mshipa wa ini

Uvira, jina lake linatamkwa kila siku na watu wasiojua kwamba ni la mtu. Muuguzi akiandika bilharzia kwenye karatasi ya mgonjwa aliyetoka Kalundu au Kavimvira, anaandika jina la Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyefariki mwaka 1862.

Alizaliwa tarehe 23 Machi 1825 huko Sigmaringen, kusini mwa Ujerumani, akasomea udaktari Freiburg na Tübingen. Mwaka 1850 mwalimu wake, Wilhelm Griesinger, aliitwa Misri kusimamia mambo ya afya, naye akaondoka na Bilharz awe msaidizi wake. Kijana huyo alikuwa na miaka 25.

Katika hospitali ya Kasr el-Aini, mjini Cairo, kazi yake ilikuwa kupasua maiti ili kutafuta chanzo cha kifo, kazi ambayo wengi wangeikimbia. Mwaka 1851 alikuta minyoo myeupe, myembamba, ndani ya mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye utumbo na kuipeleka kwenye ini. Alipoichunguza kwa hadubini aliona kwamba mwili wa dume una mfereji, na jike analala humo. Alimwandikia barua mwalimu wake mwingine, Carl Theodor von Siebold, na habari hiyo ikachapishwa mwaka 1852.

Kuna aina kadhaa za minyoo hiyo. Inayosumbua ufuo wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika na bonde la Ruzizi ni ile ya utumbo. Inaweza kuishi miaka mingi katika mishipa ya damu ya tumbo, ikitaga mayai kila siku. Mayai mengine hutoka na choo, mara nyingine pamoja na damu. Mengine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini na kukwama humo. Ini hujenga makovu kuzunguka mishipa yake, na njia ya damu inakuwa nyembamba mwaka hadi mwaka.

Damu ya utumbo inapokosa pa kupita, presha hupanda katika mshipa ule ule ambao Bilharz aliupasua. Wengu huvimba. Tumbo hujaa maji. Damu hutafuta njia za pembeni, hasa mishipa ya koo la chakula, nayo hutanuka kupita kiasi. Siku ikipasuka, mgonjwa hutapika damu nyingi na anaweza kufa kabla ya kufikishwa hospitalini.

Kwetu mtu wa namna hiyo husemwa kwamba amelishwa sumu, na mara jina la jirani au la mke mwenza linatajwa. Wengine humwita mlevi, hata kama hajaonja pombe. Dawa ya prazikanteli huua minyoo, lakini makovu ya siku nyingi kwenye ini hayaondoki kirahisi, kwa hiyo kuchelewa kwa sababu ya kutafuta mchawi kunagharimu sana.

Bilharz mwenyewe hakubaki kwenye minyoo tu. Alifundisha anatomia Cairo, na mwaka 1857 alitoa kitabu juu ya samaki wa umeme wa mto Nile, ambaye jamaa yake yupo hata katika ziwa letu. Baadaye wanasayansi waliipa minyoo ile jina la Bilharzia.

Mwaka 1862 alifuatana na msafara wa mtawala mmoja wa Ujerumani, Ernst wa Pili, hadi Massawa, kwenye Bahari ya Shamu. Huko alishikwa na homa kali. Alifariki Cairo tarehe 9 Mei, akiwa na miaka 37, na akazikwa huko huko.

Alikufa bila kujua jinsi minyoo inavyoingia mwilini. Ilikuwa mwaka 1915, miaka 53 baadaye, ndipo Mwingereza Robert Leiper alipoonyesha huko Misri kwamba hukua kwanza ndani ya konokono wa majini, kisha hupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayevua samaki.