Daktari Dutton na Papasi

Zamani, msafiri aliyetoka Ziwa Tanganyika, upande wa Fizi na Baraka, akashika njia ya magharibi kwenda Kasongo katika Maniema, alilala usiku mwingi katika vibanda vya udongo. Humo alikaa papasi, ambaye katika Kongo huitwa pia kimputu. Mchana papasi hujificha katika nyufa. Usiku hutoka, humpanda mtu aliyelala, hunywa damu, kisha hurudi ufani mtu asijue. Siku chache baadaye mtu hushikwa na homa kali. Homa ikiondoka hufurahi, akidhani amepona. Kumbe, baada ya siku kadhaa homa hurudi tena.

Joseph Everett Dutton alizaliwa Uingereza mwaka 1874, akasomea udaktari mjini Liverpool. Mwaka 1901, alipokuwa Gambia, alitambua kijidudu cha malale katika damu ya mgonjwa. Mwaka 1903 alitumwa Kongo pamoja na Daktari Todd na Daktari Christy, ili wachunguze malale. Mwaka 1904 Dutton na Todd walifika Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, kisha wakaingia Maniema. Katika safari hiyo walikuta homa ya papasi.

Wenyeji walisema tangu zamani kwamba papasi ndiye aletaye homa hiyo, nao walisema kweli. Mwaka huo huo madaktari wa Uganda walionyesha kwamba ndivyo ilivyo. Lakini Dutton na Todd hawakutosheka. Walitaka kujua habari za watoto wa papasi.

Papasi si mdudu wa miguu sita kama nzi, bali ana miguu minane kama buibui, jamaa yake. Jike hutaga mayai penye vumbi la nyufa. Kitoto kikianguliwa kina miguu sita tu, wala hakinywi damu. Kwanza hujivua ngozi. Ndipo hupata miguu minane na kuanza kutafuta damu.

Basi, madaktari wale waliweka majike yaliyokuwa na ugonjwa, wakangoja mayai yaanguliwe. Vitoto havijapata kumwuma mgonjwa hata mmoja. Wakaviacha vimwume nyani mzima. Nyani akashikwa na homa! Walipotazama damu yake kwa darubini waliona vijidudu vyembamba, vilivyojisokota kama kamba, vikichezacheza. Mama alikuwa ameviingiza katika mayai. Kwa hiyo kibanda kilichoachwa bila wagonjwa kwa muda mrefu kiliweza bado kuwa na hatari, hasa kwa kuwa papasi mzima huweza kukaa na njaa zaidi ya mwaka asife.

Watu walioumwa na papasi tangu utoto mara nyingi hawakuugua sana, maana miili yao ilikwisha kujifunza kupigana na vijidudu hivyo. Mgeni hakuwa na kinga hiyo. Dutton na Todd walikuwa wageni, nao wote wawili walishikwa na homa ile ile waliyoichunguza.

Todd alipona. Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30 tu, akazikwa huko huko. Habari za kazi yao zilichapishwa mwaka huo huo kwa majina ya wote wawili. Mwaka 1906 wataalamu walikipa kijidudu cha homa ya papasi jina la Dutton, na hata leo kinaitwa Borrelia duttonii.