Michael Grzimek: Rubani Kijana Aliyezikwa Ngorongoro

Kando ya barabara inayopita ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro lipo kaburi lililojengwa kwa mawe. Hapo amezikwa Michael Grzimek, mtafiti wa Kijerumani aliyefariki dunia tarehe 10 Januari 1959, akiwa na umri wa miaka 24, baada ya ndege ndogo aliyokuwa akiirusha kuanguka.

Alizaliwa Berlin mwaka 1934. Baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, alikuwa daktari wa mifugo na mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Wakati huo serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikusudia kubadili mipaka ya Hifadhi ya Serengeti, ilhali haikujulikana kwa hakika wanyama walikuwa wangapi wala walihamia wapi. Baba na mwana wakajifunza urubani, wakapata ndege aina ya Dornier Do 27, wakaipaka milia ya pundamilia na kuirusha wenyewe kutoka Ujerumani hadi Tanganyika.

Ndege hiyo iliweza kwenda polepole na kutua nyikani pasipo kiwanja. Kazi ya kuhesabu ilidai hivyo hasa: kuruka karibu na ardhi, kwa saa nyingi, macho yakiwa kwa wanyama. Walihesabu wanyama wakubwa takribani 367,000, wakabaini kuwa makundi yaliyohama yalivuka mipaka iliyopendekezwa.

Lakini rubani aendaye chini, sawa na yule anayejiandaa kutua, hana nafasi ya kuiokoa ndege inapopata hitilafu. Siku ile Michael alikuwa peke yake. Tumbusi aliligonga bawa la kulia, waya za kuongozea ndege zikakwama, nayo ikaporomoka.

Mipaka ilibadilishwa mwaka huohuo. Ngorongoro ikatengwa na Serengeti, na Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti wakahamishwa, jambo ambalo simulizi nyingi za uhifadhi hulipita haraka mno. Filamu waliyoitengeneza baba na mwana kuhusu Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Nyumbu, ambao wao waliwahesabu kuwa karibu 100,000, sasa ni zaidi ya milioni moja, hasa baada ya kudhibitiwa kwa ugonjwa wa sotoka.

Profesa Grzimek alifariki mwaka 1987. Majivu ya mwili wake yaliletwa Ngorongoro, yakazikwa kando ya mwanawe.