Michael Grzimek na Hesabu ya Wanyama

Ikiwa unaishi Itumba, katika milima ya Ileje, huenda umewahi kutumwa kuhesabu ng'ombe jioni. Kazi hiyo si ngumu: unasimama penye mlango wa zizi, nao hupita mmoja mmoja. Sasa fikiri kwamba umeagizwa kuwahesabu nyumbu wa Serengeti, ambao hawana zizi wala mchungaji, na ambao hawatulii mahali pamoja. Ungeanzia wapi?

Swali hilo lilimkabili kijana Mjerumani, Michael Grzimek, aliyezaliwa Berlin mwaka 1934. Baba yake, Bernhard, alikuwa daktari wa mifugo na mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt.

Wakati huo Tanganyika ilikuwa ikitawaliwa na Waingereza. Serikali ilikusudia kubadili mipaka ya Hifadhi ya Serengeti na kuitenga sehemu ya mashariki, yaani Ngorongoro. Lakini hakuna aliyejua kwa hakika wanyama walikuwa wangapi, wala walikwenda wapi majira yalipobadilika. Utawezaje kuchora mpaka wa kuwalinda wanyama ambao njia zao huzijui?

Michael na baba yake walijifunza urubani. Mwishoni mwa mwaka 1957 walisafiri kutoka Ujerumani kwa eropleni yao ndogo, iliyopakwa rangi kama punda milia. Mwaka 1958 waliruka chini chini juu ya mbuga, wakienda na kurudi kwa mistari iliyofuatana, kama mkulima apigavyo matuta, ili kundi moja lisihesabiwe mara mbili. Walipata wanyama wakubwa 366,980. Kati yao nyumbu walikuwa 99,481 na punda milia 57,199. Watu wengi walidhani wanyama ni wengi kuliko hapo.

Usifikiri kwamba tarakimu hizo hazikuwa na kosa hata moja, kwani mnyama aliyejificha chini ya mti haonekani kwa urahisi kutoka angani. Hata hivyo, sasa palikuwa na mahali pa kuanzia. Tena waliwavisha wanyama kadhaa mikanda ya rangi shingoni wapate kuwatambua, wakaona kwamba makundi ya nyumbu yalivuka mipaka iliyokusudiwa.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akirusha eropleni peke yake. Ikagongana na tumbusi, ikaanguka, naye akafa. Alikuwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, amelazwa kando yake.

Kuhesabu kuliendelea. Tangu miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulikuwa ukiua ng'ombe, nyati na nyumbu. Ng'ombe walipochanjwa, ugonjwa ukawatoka wanyama wa porini pia, na kufikia mwaka 1977 nyumbu wa Serengeti walizidi milioni moja.

Habari za tembo ni nyingine. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo 109,000 hivi. Mwaka 2014 walibaki 43,000 hivi. Wengi waliuawa na majangili kwa ajili ya pembe zao. Hasara hiyo ilijulikana kwa sababu watu waliketi ndani ya eropleni, kila mmoja akitazama upande wake, wakihesabu tembo walio hai na mizoga pia.