Leo Fender: Fundi redio aliyelifikisha gitaa kwenye freti ya 21

MTU anayeingia dukani kununua gitaa la umeme kwa mara ya kwanza huangalia rangi, bei na jina la kampuni. Ni wachache wanaokumbuka kuhesabu freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa, ambavyo mpigaji hubana uzi nyuma yake ili kupata sauti anayoitaka. Magitaa mengine yana freti 21, mengine 22 na mengine 24. Tofauti hiyo ya vyuma viwili au vitatu imewagawa wapiga gitaa kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya ubishi wenyewe inaanzia kwa fundi mmoja wa redio wa California, Marekani, ambaye hadi anaingia kaburini hakuwahi kujifunza kupiga gitaa.

Fundi huyo ni Clarence Leo Fender. Alizaliwa Agosti 10, 1909, katika familia ya wakulima wa michungwa, jirani na miji ya Anaheim na Fullerton. Akiwa na umri wa miaka minane alipata uvimbe uliosababisha aondolewe jicho la kushoto, na tangu hapo aliishi na jicho la bandia. Utotoni alifundishwa piano, kisha akajaribu saksafoni, lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye redio. Chuoni alisomea uhasibu, kazi aliyoifanya mpaka hali mbaya ya uchumi ya miaka ya 1930 ilipomkosesha ajira. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton.

Wanamuziki wa maeneo hayo walianza kumletea vikuza sauti vilivyoharibika. Alivitengeneza, na kila alipovirudisha aliwauliza wenyewe vinawasumbua nini jukwaani. Tabia hiyo hakuiacha tena. Kwa kuwa hakujua kupiga, na hata kulisawazisha gitaa nyuzi zake hakuweza, alilazimika kuwategemea wapigaji wamwambie kipi kinafaa na kipi hakifai. Pengine hiyo ndiyo bahati yake kubwa: fundi anayejua kupiga huishia kutengeneza gitaa la mkono wake mwenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alishirikiana kwa muda mfupi na Doc Kauffman, kisha mwaka 1946 akabaki na kampuni iliyobeba jina lake. Tatizo lililowakera wapigaji wa wakati huo lilikuwa gitaa lenye tumbo wazi, ambalo likiunganishwa na kikuza sauti chenye nguvu hupiga mluzi usiozuilika. Jibu la Fender lilitoka mwaka 1950: ubao mmoja mzito usio na tumbo, na shingo iliyofungwa kwa skrubu nne. Shingo ikiharibika, inafunguliwa na kuwekwa nyingine. Gitaa hilo liliitwa Broadcaster, lakini kampuni ya Gretsch, iliyokuwa na ngoma za jina linalofanana, ililalamika, na mwaka 1951 likapewa jina la Telecaster.

Shingo yake ilikuwa na freti 21. Mwaka 1954 Fender alitoa Stratocaster, na hiyo nayo ilikuwa na 21. Wapinzani wake wakubwa, Gibson, walikuwa wameshatoa gitaa la Les Paul mwaka 1952 likiwa na freti 22.

Je, chuma kimoja kina uzito gani? Kila freti hupandisha sauti kwa nusu hatua. Freti ya 12 inakata uzi katikati kabisa, na hapo sauti inarudi ileile ikiwa juu kwa oktavu moja. Freti ya 24 ingeukata uzi ukabaki robo, na kutoa oktavu ya pili kamili. Katika uzi mwembamba wa kwanza, mwenye freti 22 anaipata noti ya D ya juu kwa kubana tu. Mwenye 21 anaishia nusu hatua chini yake, na akiitaka hiyo D inambidi auvute uzi pembeni kwa kidole. Mwenye 24 anafika hadi E bila kuvuta kitu.

Mpiga solo wa bendi ya dansi, ambaye sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika juu ya freti ya 12, ataliona hilo haraka kuliko mpiga rithim, ambaye anaweza kumaliza onyesho zima bila mkono wake kufika huko.

Kutokana na hesabu hiyo, wanunuzi wengi hudhani kwamba freti nyingi ndilo gitaa bora. Hapo ndipo wanapopotea, na sababu inaonekana katika Stratocaster yenyewe. Urefu wa uzi wake, kutoka mwanzo wa shingo hadi kwenye daraja, ni milimita 648 hivi. Freti ya kwanza iko umbali wa milimita 36 kutoka mwanzo wa shingo. Nafasi kati ya freti ya 21 na mahali ambapo ya 22 ingekaa ni kama milimita 11, na kati ya ya 23 na ya 24 haifiki milimita 10. Kidole cha mtu mzima kinaingia hapo kwa taabu.

Aidha, mahali ambapo freti ya 24 ingekaa, Fender alipaweka kinasa sauti cha shingoni. Uzi hutikisika kwa upana zaidi sehemu hiyo kuliko karibu na daraja, ndiyo maana kinasa hicho hutoa sauti nene na ya mviringo. Anayetaka freti 24 kwenye gitaa la urefu huo hana budi kukisogeza kinasa kuelekea kwenye daraja, na sauti inakuwa kali na nyembamba zaidi. Mteja anaongezewa noti tatu na kupunguziwa unene wa sauti. Kwa wengine hiyo ni biashara nzuri. Kwa mpiga blues ni hasara tupu.

Lipo pia suala la mkono kufika. Les Paul ina freti 22, lakini mwili wake umechongwa upande mmoja tu na maungio ya shingo ni mnene, hivyo freti za mwisho hufikiwa kwa shida. Stratocaster imechongwa pande zote mbili. Jimi Hendrix, aliyefariki mwaka 1970, alifanya kazi zake nyingi kwa freti hizo 21, na alipotaka kwenda juu zaidi alivuta uzi.

Fender mwenyewe hakuifanya 21 kuwa sheria. Mwaka 1962 alitoa Jaguar, gitaa lenye uzi mfupi zaidi na freti 22. Halikuwahi kuifikia Stratocaster, na uzalishaji wake ulisimamishwa mwaka 1975.

Wakati huo kampuni haikuwa yake tena. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 aliandamwa na maambukizi ya koo na pua yasiyopona. Akiamini kwamba hana siku nyingi, Januari 1965 aliiuza kampuni kwa CBS kwa dola milioni 13. Haukupita muda mrefu akapata daktari mwingine aliyempa dawa zilizomponya. Alikuwa mzima na tajiri, lakini jina lake lilikuwa mali ya watu wengine, na mkataba ulimzuia kwa miaka 10 kushindana nao.

Mkataba ulipokwisha alirudi kazini, kwanza Music Man, kisha G&L, kampuni aliyoianzisha na rafiki yake wa siku nyingi George Fullerton. Magitaa ya G&L yalitoka na freti 22. Kampuni yenye jina lake ilifuata njia hiyo mwaka 1987 kwa Stratocaster iliyoitwa American Standard. Freti ya 22 iliwekwa kwenye ubao uliochomoza kidogo mwisho wa shingo, bila kukisogeza kinasa. Katika miaka hiyo hiyo PRS na Ibanez walikuwa sokoni na magitaa ya freti 24, wakiwalenga vijana wa roki waliopenda kasi.

Fender hakuingia katika mbio hizo. Maradhi ya Parkinson yalimdhoofisha, lakini aliendelea kwenda karakana kila siku, akibadilisha vinasa sauti na madaraja, na kuwapa wapigaji wavijaribu. Alifariki Machi 21, 1991, akiwa na umri wa miaka 81. Stratocaster za freti 21 bado zinatengenezwa sambamba na zile za 22, na wapo wanaozitafuta hizo za 21 kwa makusudi.