Siti binti Saad na Mwalimu Wake

Marehemu Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika nyumba ya mafukara. Alizunguka kwa miguu akiuza vyungu na kuvinadi kwa sauti. Mwaka 1911 alihamia mjini, ambako wengine walimkejeli kwa sura na nasaba yake. Ali Muhsin hakutazama hayo. Alisikia sauti, akamfundisha kuimba kwa ala. Siti alitii mafunzo, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili.

Alifariki mwaka 1950. Bi Kidude, aliyemsikiliza tangu utotoni, aliuendeleza uimbaji huo hata katika ngoma za unyago.

Twawakumbusha askari wetu: kipaji bila mwalimu ni sawa na kuruta bila mkufunzi, nguvu anazo, mwendo hana.