Dedan Kimathi: Mguu wa Kuku Uliompeleka Kitanzini

Msee wa Idsowe, hayo maji yanapita chini ya daraja hapo kwenu yametoka mbali. Mto Tana unaanzia milima ya Nyandarua, upande wa Nyeri. Ni huko huko msituni Dedan Kimathi alisumbua mkoloni karibu miaka minne. Leo shika stori ya mguu wa kuku aliokuwa nao, maana ndio ulimmaliza.

Kimathi alizaliwa 1920 kijiji cha Thegenge, Tetu. Alikuwa mtu wa vitabu. Alisoma Tumutumu, akafundisha kidogo, akaingia jeshi lakini hakukaa. Baadaye akawa katibu wa KAU huko Ol Kalou. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, akahepa msituni. Kufikia 1954 wapiganaji walikuwa na bunge lao huko ndani, yeye akiwa waziri mkuu.

Sasa silaha. Usidhani Mau Mau walikuwa na mitambo ya sinema. Wengi walibeba bunduki za kujiundia: kipande cha bomba, komeo la mlango na mpira wa kuvuta. Hiyo kitu ikikataa, umeisha. Siku mbaya inakulipukia wewe mwenyewe.

Ndio maana revolva ya kiwandani ilikuwa dhahabu. Ya Kimathi ilikuwa Webley Scott ya .38, mali ya Uingereza. Revolva haina mambo mengi. Risasi moja ikigoma, unavuta tena, silinda inazunguka, inayofuata inaingia kazini. Shida ni teke. Bunduki ikiwa nyepesi na risasi ina nguvu, teke lote linaishia mkononi, na risasi ya pili inaenda kwa majirani. Waingereza walilijua hilo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi lao liliacha .455 nzito likashuka hadi .38, ili hata askari asiye na mazoezi mengi aimudu.

Lakini manze, chini ya sheria za hali ya hatari, kupatikana tu na bunduki kungekupeleka kitanzini. Hata kama hujaifyatua.

Alfajiri ya 21 Oktoba 1956, Kimathi akiwa ukingoni mwa msitu na koti lake la ngozi ya chui, karao mmoja alimpiga risasi ya mguu. Wakampata na revolva na risasi 6. Hayo ndiyo yakawa mashtaka yote: bunduki na risasi. Kesi ya mauaji haikuwepo. Alijitetea kwamba alikuwa njiani kujisalimisha. Jaji Mkuu O'Connor hakununua hiyo, na 27 Novemba akamhukumu kunyongwa. Rufaa zikagonga mwamba. 18 Februari 1957, Kamiti, akanyongwa akiwa na miaka 36.

Vita haikuishia hapo. Machi 1959 huko Hola, juu kidogo ya mto wenu, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa hadi kufa. Uingereza kukawaka moto bungeni, na 1963 bendera yao ikashuka.

Leo Kimathi ana sanamu Nairobi, kwenye barabara yenye jina lake, bunduki mkononi. Kaburi ndilo hana. Mkewe, Mukami, aliliulizia serikali baada ya serikali mpaka akafa 2023 bila kuonyeshwa. Ile revolva iliandikwa kwenye faili ya korti mpaka hesabu ya risasi zake. Mwenyewe alizikwa wapi, hakuna aliyemwambia mjane wake.