Hansen, Ukoma na Ridhaa ya Mgonjwa

Majuzi mtafiti mmoja wa maradhi ya ngozi kutoka kitivo cha tiba alinijia ofisini na fomu ya kurasa nne, akaniomba niitafsiri kwa Kiswahili. Ilikuwa fomu ya kutiwa sahihi na wagonjwa watakaoshiriki katika majaribio ya dawa. Kazi kama hiyo aghalabu mimi huimaliza kwa siku moja. Hii ilinichukua wiki nzima kwa sababu ya neno moja tu: ridhaa. Kuridhia si kunyamaza, wala si kuitikia kwa kichwa mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe. Katika kulitafakari neno hilo nilimkumbuka daktari ambaye jina lake limeshikamana na ukoma hadi leo.

Gerhard Armauer Hansen alizaliwa tarehe 29 Julai 1841 mjini Bergen, katika pwani ya magharibi ya Norwe. Alisomea utabibu katika chuo kikuu cha mji mkuu, ambao siku hizo uliitwa Christiania nasi leo twaujua kwa jina la Oslo, akahitimu mwaka 1866. Hatimaye alirejea Bergen kuwahudumia wagonjwa wa ukoma. Norwe ya wakati huo ilikuwa nchi ya wakulima na wavuvi maskini, na ukoma ulikuwa umekita mizizi pwani. Daftari la taifa lililoanzishwa mwaka 1856 lilionyesha kuwa wagonjwa walikaribia 3,000.

Bingwa wa maradhi hayo alikuwa Daniel Cornelius Danielssen, ambaye alishikilia kwamba ukoma hurithiwa katika ukoo. Yakini yake ilikuwa kubwa hivi kwamba alijidunga mwenyewe chembechembe za wagonjwa, na hakuugua. Hansen alimwoa bintiye Danielssen, ila hakuikubali nadharia ya mkwewe. Aliamini kwamba ukoma huambukizwa. Mwaka 1873, akitumia hadubini, aliona vijidudu mithili ya vijiti ndani ya vinundu vya wagonjwa, na mwaka uliofuata akachapisha matokeo yake. Hiyo ilikuwa miaka 8 kabla ya Robert Koch kutangaza bakteria wa kifua kikuu.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Hansen na apewe haki yake, kwani alituondolea dhana kwamba ukoma ni balaa la ukoo fulani. Sheria za Norwe za mwaka 1877 na 1885, zilizowatenga wagonjwa, zilitungwa kwa kufuata mtazamo wake.

Lakini kuona si kuthibitisha. Ilimbidi aonyeshe kwamba vijidudu vile ndivyo vinavyoleta maradhi, na majaribio yake kwa sungura hayakufua dafu. Mwaka 1879 mtafiti kijana wa Kijerumani, Albert Neisser, alizuru Bergen, akapewa sampuli, akazitia rangi hadi vijidudu vikaonekana waziwazi, kisha akaandika kana kwamba uvumbuzi ulikuwa wake. Huenda ushindani huo ulimtia Hansen pupa.

Mwezi Novemba mwaka huo huo alimchoma jichoni mgonjwa mmoja wa hospitali, mwanamke aliyeitwa Kari Nielsdatter, kwa kisu kilichopakwa chembechembe za mgonjwa mwenye aina nyingine ya ukoma. Hakumweleza kusudi lake, wala hakumwomba idhini. Alikuja kukiri kwamba hakuomba kwa kuwa hakutarajia mwanamke yule alitazame jambo hilo kama alivyolitazama yeye. Kwa maneno mengine, alijua kwamba angekataliwa.

Kari hakunyamaza. Malalamiko yake yalifika mahakamani, na mwezi Mei 1880 mahakama ya Bergen ikamtia Hansen hatiani. Alipoteza wadhifa wake katika hospitali, ingawa aliendelea kuwa daktari mkuu wa ukoma nchini humo hadi alipofariki tarehe 12 Februari 1912.

Wapo watakaosema kwamba tusimhukumu mtu wa kale kwa mizani ya leo. Waama, hoja hiyo haina mashiko. Kanuni za Nuremberg zilikuja mwaka 1947, na Azimio la Helsinki mwaka 1964, lakini mahakimu wa Bergen walikuwa watu wa zama zile zile za Hansen, nao waliuona uovu bila ya kuongozwa na hati hizo. Fauka ya hayo, kisu kile hakikuthibitisha lolote. Hata leo bakteria wa ukoma hajaweza kuoteshwa katika chupa za maabara. Ni mwaka 1971 ndipo watafiti walipotangaza kwamba wamemkuza ndani ya amadilo, mnyama wa Marekani mwenye gamba gumu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo mseto wa dawa unaotibu ukoma ulipopendekezwa duniani.

Jambo moja hunisumbua nikiwa mtu wa lugha. Wengi siku hizi huchagua kusema ugonjwa wa Hansen ili wasimwite mtu mkoma, yaani wasimpunguze binadamu hadi abaki kuwa maradhi yake. Nia hiyo ni njema. Hata hivyo, jina lililoteuliwa kuwatunzia wagonjwa heshima ni la mtu aliyemnyima mmoja wao heshima hiyo. Sisemi lifutwe. Nawasihi walimu wenzangu kwamba wanapomtaja Hansen darasani wamtaje na Kari. Methali yetu ina upande wake pia: mnyonge katika kisa hiki alikuwa nani?

Nilipomrudishia mtafiti fomu yake, nilikuwa nimehamisha sentensi moja kutoka ukurasa wa nne hadi mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza. Inamwambia mgonjwa kwamba ana hiari ya kukataa, na kwamba akikataa atatibiwa kama wengine. Mtafiti alihofu kwamba huenda akapata washiriki wachache. Nilimjibu kwamba hao wachache watakuwa wameridhia.